Diski ya nje haina huduma kwa wateja

Desemba, wakati vyama vingi vinagawana pesa za mwaka, simu zetu hulia kuliko miezi mingine yote. Wengi wamesahau PIN. Wengine wametuma pesa kwa nambari ambayo siyo. Desemba moja tukapokea simu kutoka Eldoret ambayo mpaka leo tunaizungumzia hapa ofisini. Aliyepiga alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 27, wauzaji wa mboga, mitumba na maziwa. Laini yake ilikuwa sawa, pesa zilikuwa sawa.

"Kijana wangu," alimwambia mwenzetu aliyepokea, "mwaka huu mmenifungulia PIN mara mbili, na nikawashukuru. Sasa nifungulieni na hii eksteno."

Ilibidi mwenzetu aulize mara mbili ndipo aelewe. Chama kilikuwa kimenunua diski ya nje ya terabaiti 1, ile wengi mjini huiita eksteno tu, kikahamishia humo rekodi za miaka 6: michango ya kila wiki, mikopo, nani amelipa na nani bado, pamoja na nakala za vitambulisho vya wanachama wote. Fundi wa saiba akawashauri waifunge kwa neno la siri, na ushauri huo ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba fundi ndiye aliyeliandika kwenye kompyuta, kisha akalinakili nyuma ya risiti. Risiti ikapotea. Fundi alikuwa ameshahamia Kitale, na alipopatikana kwa simu alikumbuka nusu tu: linaanza na "Chama", halafu kuna nambari fulani. Walijaribu siku mbili nzima bila mafanikio.

"Mama, hiyo hatuwezi," mwenzetu akamwambia.

"Basi ni nani anaweza?"

Jibu la kweli, ambalo hakuna mtu hupenda kumpa mteja, ni kwamba hakuna.

Tofauti na PIN yako

Tunaeleza jambo hili kwa sababu wateja wetu wengi wamezoea kufuli moja tu maishani, yaani PIN ya pesa. PIN ni mlango. Pesa yenyewe iko kwenye mitambo yetu, si ndani ya simu. Ukisahau PIN, unathibitisha kwamba wewe ni wewe kwa kitambulisho na maswali mawili matatu, nasi tunakubadilishia kufuli. Pesa haikuguswa.

Diski iliyofungwa vizuri haifanyi kazi hivyo. Neno lako la siri halisimami mlangoni kama askari. Linatumika kufungua ufunguo mrefu wa hesabu, na ufunguo huo ndio huvuruga kila kitu kilichomo mpaka kionekane kama takataka. Njia ya kuvuruga inayotumika sana leo inaitwa AES, na ufunguo wake unaweza kuwa na biti 256. Mtu akiichomoa diski, akaifungua kasha, akaipeleka kwa fundi hodari kuliko wote, ataona takataka tu. Na wewe mwenyewe, bila neno la siri, utaona takataka hizo hizo. Hakuna ofisi iliyobaki na nakala. Hata aliyeitengeneza diski hana.

Ndiyo maana tukaona ni heri tuandike kuhusu kuifunga diski tangu mwanzo, hatua kwa hatua, badala ya kungoja simu za Desemba.

Kwa nini uifunge basi?

Wazee wa Eldoret wana hadithi kuhusu benki ya kwanza ya mji. Inasimuliwa kwamba sefu ilikuwa ikiletwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, ikaanguka njiani, ikawa nzito hata hawakuweza kuiinua tena. Wakaamua kuijengea benki pale pale ilipoangukia. Kweli au chumvi, ni hadithi nzuri kwa watu wa kazi yetu, kwa sababu sefu ile ilikuwa na ulinzi wa uzito wake tu. Mwizi angeibebaje?

Diski ya nje ya leo inaingia mfuko wa koti. Inasahaulika kwenye kiti cha matatu ya Iten, inaanguka kutoka kwenye bodaboda, inaachwa kwenye meza ya saiba. Na ndani yake mna majina kamili, nambari za simu na nambari za vitambulisho vya watu 27. Hivyo vitatu vikiwa pamoja ndivyo tapeli anavitafuta. Akikupigia akitaja jina lako lote na tarakimu za kitambulisho chako, utaamini kweli anatoka kwetu. Ulaghai mwingi tunaoushughulikia huanza na karatasi au faili iliyoanguka mikononi mwa mtu, wala hauhitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye wa kwanza ni Immaculate Kassait, ndiyo inayoisimamia. Anayeweka data za watu zikavuja na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenye data, anatakiwa kumwarifu kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue, na kuwaambia wenye data pia. Lakini sheria hiyo hiyo inasema huhitajiki kuwaarifu wenye data ikiwa ulikuwa umeweka ulinzi unaofaa, na mfano unaotajwa ni kuzisimba data, yaani kuzivuruga kwa ufunguo kama tulivyoeleza. Mwenye duka au wakala anayekaa na daftari la wateja kwenye eksteno alisome hilo mara mbili. Kumbuka pia kwamba rekodi za kodi zinatakiwa kuhifadhiwa miaka 5, kwa hivyo huwezi kukwepa shida hii kwa kufuta kila kitu kila Januari.

Mchana mmoja Eldoret

Mwezi Machi uliofuata tulikuwa na semina ya wateja Eldoret, katika ukumbi mdogo karibu na Barabara ya Uganda. Mweka hazina alikuja na diski ile ya zamani, imefungwa ndani ya leso, na nyingine mbili mpya. Tukafanya kazi yote mbele ya watu, kwa laptopu ya katibu wa chama.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama aifomati ile ya zamani ili itumike tena. Tukamwambia asiifomati, na hilo ndilo tungemwambia kila mtu. Diski iliyofungwa ambayo neno lake limepotea bado ina data yako yote. Siku risiti ile ikidondoka kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, itafunguka kama kawaida. Ukishaifomati, hata neno la siri likipatikana huenda likawa halina kazi. Irudishe kwenye leso, mama, na uandike tarehe juu.

Zile mpya tukazipima kwanza. Windows ilionyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000 na ukumbi ukanung'unika kwamba wameibiwa. La. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti ndiyo hiyo. Wizi wa kweli tuliuona kwa mshiriki mwingine, kijana aliyeleta diski ya "terabaiti 16" aliyouziwa barabarani kwa bei ya kilo chache za nyama. Diski za aina hiyo huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyochezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Zinapokea faili zako vizuri, majina yote yanaonekana, lakini nafasi ya kweli ikijaa zinaanza kuandika mpya juu ya za zamani. Unagundua siku unayozihitaji. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw ambayo huijaza diski yote kisha ikasoma ilichoandika. Huchukua saa kadhaa, iache usiku. Usitie rekodi za watu kwenye diski ambayo hujaipima.

Kisha kufomati. Kufomati ni kuipa diski mpangilio wa kuweka faili, na kunafuta kila kilichokuwamo, kwa hivyo tazama kwa makini herufi ya diski unayoibofya. Tumeshasikia ya mtu aliyefomati sehemu ya laptopu yake akidhani ni eksteno. Chomoa kila flashi isiyohitajika kabla hujaanza.

Fungua "This PC", bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua "Format". Hapo utaulizwa mpangilio gani. FAT32 iache, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. NTFS ndiyo ya Windows, na ina kumbukumbu ya mabadiliko inayoisaidia kujirekebisha ikichomolewa ghafla, lakini Mac huisoma tu bila kuandika. exFAT inakubalika kote, Windows na Mac, ila haivumilii kuchomolewa ovyo. Chama hiki wote ni Windows, tukachagua NTFS na kumaliza maneno.

Chini kuna kisanduku cha "Quick Format". Ukikiacha kimetiwa alama, kompyuta hung'oa tu ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine za kitabu ziko pale pale na programu za kurejesha faili huzisoma. Kwa diski mpya kabisa hiyo inatosha. Kwa diski iliyowahi kutumika, na hasa ukitaka kuiuza au kumpa mtu, toa alama hiyo ili iandikwe sufuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Terabaiti moja ni kazi ya saa nyingi. Kunywa chai.

Kufuli lenyewe

Kabla ya yote, elewa kwamba paswadi unayoandika ukiwasha laptopu haiilindi diski ya nje hata kidogo. Diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine inafunguka wazi. Kuificha folda nako ni mchezo wa watoto.

Kama laptopu yako ina Windows Pro, una BitLocker tayari. Angalia kwenye "Settings", kisha "System", kisha "About". Bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua "Turn on BitLocker", kisha weka neno la siri. Itakutaka uhifadhi ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo tungependa ukae. Ufunguo huu ndio risiti usiyotakiwa kuipoteza. Uchapishe kwenye karatasi, nakala mbili. Usiuweke ndani ya diski ile ile unayoifunga, maana ni sawa na kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Usiupige picha ukauacha kwenye simu inayozunguka sokoni.

Itakuuliza tena kama isimbe sehemu iliyotumika pekee au diski nzima. Diski mpya, sehemu iliyotumika inatosha. Iliyowahi kuwa na kitu, diski nzima. Ikiuliza aina, chagua ile ya "Compatible mode", kwa kuwa diski itahama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Basi ianze.

Yetu ilipofika karibu nusu, stima ikapotea. Ukumbi mzima ukasema "aah!" kwa sauti moja. Laptopu ilikuwa na chaji, kazi ikaendelea gizani, lakini tulichukua nafasi hiyo kueleza kwamba ukilazimika kuichomoa katikati, bonyeza kwanza kitufe cha kusimamisha. Kuichomoa tu kunaweza kuharibu faili. Na hata baada ya kazi kuisha, toa diski kwa njia ya salama kila mara, usiing'oe.

Windows Home haiwezi kufunga diski kwa BitLocker, ingawa inaweza kufungua iliyofungwa kwingine. Kwa wenye Home, au wenye Mac na Windows pamoja, programu ya bure ya VeraCrypt inafanya kazi hiyo. Ina njia mbili: kufunga sehemu nzima ya diski, au kutengeneza faili moja kubwa iliyofungwa ambayo ndani yake unaweka faili zako, kama kasha ndani ya kabati. Sisi tunapendelea kasha, kwa sababu moja tu. Ukifunga sehemu nzima kwa VeraCrypt kisha ukaichomeka kwenye kompyuta ya saiba, Windows haiitambui, na hujitokeza na ujumbe kwamba ni lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Ujumbe huo unaonekana kama amri, nayo si amri. Mhudumu mwenye haraka atabonyeza "Format" kabla hujafungua mdomo. Ikikupata hivyo, acha kila kitu, usiandike chochote, tafuta fundi anayeijua VeraCrypt. Programu hiyo huweka nakala ya kichwa cha kufuli mwishoni mwa sehemu iliyofungwa, na mtu mwenye neno la siri anaweza kuokoa kiasi, mradi ilikuwa fomati ya haraka.

Zipo pia diski zinazouzwa na kufuli ndani yake, kama WD My Passport, ambapo usimbaji hufanywa na diski yenyewe. Ni rahisi kutumia. Ukikosea mara 5 inabidi uichomoe na kuichomeka upya ndipo ujaribu tena. Ukisahau kabisa, njia iliyobaki ni kuifuta yote na kuanza upya.

Neno la siri ni lako kuandika

Kuhusu neno lenyewe hatutasema mengi, ila haya. Usitumie PIN ya pesa. Tarakimu nne zinafaa kwenye simu kwa sababu mitambo yetu inakataa baada ya kukosea mara chache. Mwizi aliye na diski mkononi anaweza kuachia kompyuta ijaribu maelfu, mchana na usiku. Halafu fundi akiiona PIN yako, ameona pesa zako. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, ya lugha yoyote unayoiota, uyaunge. Kwa VeraCrypt lenga herufi 20 na zaidi. Mwaka wa kuzaliwa mtoto, jina la chama na nambari ya kitambulisho, kila mtu sokoni anavijua.

Na usimwachie fundi kuandika. Mlipe, mheshimu, kaa kando yake, lakini vidole viwe vyako. Hatuna ubaya na mafundi. Wengi ni vijana waaminifu, ila wanahama, wanabadilisha laini na wanasahau, kama yule wa Kitale ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Kabla hujaweka faili hata moja ya maana, weka moja ya kujaribia. Chomoa diski, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, ifungue kwa neno la siri. Chomoa tena, jaribu kuifungua kwa ule ufunguo wa tarakimu 48 ulio kwenye karatasi. Ikikubali mara zote mbili, endelea. Na diski ziwe mbili, maana kufuli humzuia mwizi lakini haizuii diski kuanguka sakafuni ikafa. Za chama hiki, moja hukaa kwa katibu Kapsoya na nyingine kwa mwenyekiti Langas. Karatasi za ufunguo zimebadilishana nyumba: wa diski ya Kapsoya uko Langas, wa Langas uko Kapsoya.

Hesabu za ile miaka 6, kwa yeyote anayejiuliza, zilirudi kwa sehemu. Michango iliyopitia simu ilikuwa kwenye taarifa zetu, mweka hazina akaziomba, akina mama wakakaa na kalamu wiki mbili. (Taarifa tunazokutumia kwa barua pepe huja zimefungwa kwa msimbo. Ukiifungua ukahifadhi nakala iliyo wazi, nakala hiyo nayo iingie kwenye diski iliyofungwa.) Waliokuwa wakilipa taslimu walileta vijitabu vyao. Watatu hawakuwa na vijitabu. Mmoja alikubali makadirio ya wenzake. Wawili hawajakubali mpaka leo, na mmoja wao ameacha kuja mikutanoni.

Stima iliporudi siku ile, ilibaki diski ya pili, na mweka hazina akataka aifanye mwenyewe kuanzia mwanzo. Alifomati, akachagua, akasoma kila ujumbe kwa sauti. Alipofika mahali pa neno la siri akasita, akatutazama sote tuliosimama nyuma yake, wafanyakazi wa kampuni tukiwa na fulana zetu.

"Hata nyinyi," akasema. "Geukeni ukutani."

Tukageuka.